Kufua Magwanda

Alirudi saa kumi alfajiri, buti mkononi,
asiwaamshe watoto.
Akalala kifudifudi mkekani,
nami nikaijua kazi yangu: chupa ya dawa ya kuchua,
vidole gumba viwili, na kunyamaza.

Mgongo wake nausoma pingili kwa pingili.
Ile boti yao haielei, inaruka,
na kila inapotua ziwa hugeuka sakafu.
Injini tatu nyuma, kila moja na njaa ya basi la Shinyanga.
Watu huniambia: mumeo anapanda chombo kinachoupita upepo.
Kweli. Ila upepo hauna kiuno.
Masalu anacho, ana miaka thelathini na sita,
na anainuka kitini kama babu yangu wa Ukara,
kwa awamu.

Alikokwenda hakusemwi. Alikula kiapo,
nami nikaolewa na kiapo hicho.
Jina la boti halisemwi. Nadhani halipo, ipo namba tu,
na rangi ya kijivu isiyong'aa,
kama mawe yetu ya Igogo mvua inapokatika.
Mara moja tu niliiona, mchana,
nikiwa juu ya mwamba ninapoanikia nguo:
ilipasua maji kama mkasi kwenye kanga mpya
na kabla sijamwita jirani aje aone
ikabaki mistari miwili ya povu
na mitumbwi ya dagaa ikiinama, ikiinuka, ikiinama,
mtu mmoja ndani amekumbatia karabai yake
kama mtoto mwenye homa.

Lakini kiapo hakikuziapisha nguo.

Magugumaji makavu kwenye kamba za buti:
walijificha mdomoni mwa mto, injini zimezimwa,
wakapumulia puani.
Wadudu wa ziwa wamesagika kwenye kola,
wale wadogo wanaosimama angani kama moshi:
basi walifika mbali, katikati, unakozaliwa moshi huo.
Magamba ya sangara kwenye magoti ya suruali.
Hapo sijui. Kuna mtu alipiga magoti.

Na leo, katika mfuko wa pajani, ule wenye kifungo,
nimekuta kipande cha kamba ya bluu, urefu wa kiganja.
Ncha moja imekatwa kwa kisu.
Ncha ya pili ina fundo.

Fundo hili nalijua.
Linaanzia kushoto, linazunguka mara mbili,
halafu linarudi nyuma kama mtu aliyesahau ufunguo.
Mmoja tu ziwa zima hufunga hivi,
maana alivunjika kidole cha shahada utotoni, kule mawe ya Ukara,
na aliyemsukuma ni mimi.

Bituro. Mara ya mwisho alipiga simu mwezi wa tatu.
Alisema amepata kazi kisiwani, ya usiku, analipwa kwa mabondo,
nisimwulize.
Kisha akacheka: "Kwani shemeji naye unamwuliza?"

Nikafua. Sabuni ya mche, maji mara tatu,
la kwanza jeusi, la pili la petroli,
la tatu sikulitazama.
Kamba nikaiweka dirishani, karibu na dawa ya meno,
mahali ambapo mtu hawezi kusema hakuiona.

Jioni aliamka, akaiona.
Akageukia ukuta.
"Mwenye kamba hiyo," akauambia ukuta,
"anajua kuogelea sana."

Basi. Akarudi ndani ya kiapo chake, akafunga mlango.

Nikaukumbuka ule mfuko. Mifuko mingine yote ilikuwa wazi;
huo tu ndio uliofungwa, kifungo kimekazwa vizuri,
na mfuaji ni mimi, na yeye anajua.

Sikusema asante. Sikusema kitu.
Nikafungua chupa, nikaanza upya toka shingoni,
nikibonyeza kwa nguvu
kidogo kuliko ilivyohitajika, kisha
zaidi.